Mashua Yenye Kioo Chini

Amsterdam,
12 Agosti 1988

Kwa dada yangu Mwanasiti,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, mimi na jamaa zangu wa huku hatujambo, twala twalala, ila jua la mwaka huu limekuwa la kuonjeshwa tu. Shemeji Bakari hajambo? Na mwanenu Nana? Nasikia amerefuka, na kwamba akiitika "abee" sauti ni ile ile ya marehemu mama. Mavyaa wako Bi Mwanatumu, mamake shemeji, mfikishie shikamoo yangu, umwambie bado namkumbuka alivyonifukuza na fimbo kwa sababu ya makoroma yake.

Habari kubwa naitanguliza nisije nikapasuka nayo: tunakuja. Tarehe 23 Desemba, inshallah, tutashuka uwanja wa ndege, mimi, wifi yako, na watoto, Khamis na Dhahabu. Miaka tisa, dada! Nikifikiria kupanda feri ya Mtongwe na watoto wangu mkononi, machozi yananitoka hata mbele ya watu.

Sasa nina kazi ya kukutwisha. Unajua mimi bado niko kwenye mashua za watalii. Mji huu umekatwa na mifereji kila upande, na kila asubuhi nasimama na kamba mkononi nikiwatazama wageni wakichagua mashua ya kuwatembeza. Zipo za paa la kioo, zipo ndogo za wazi, zipo za chakula na mishumaa. Wanachagua kwa rangi. Wanachagua kwa msichana anayecheka vizuri kibandani. Miaka sita sijamwona mgeni hata mmoja akiinama kutazama chini ndani ya mashua, kama yaingia maji.

Mwaka jana mashua moja ya wazi, imepakwa rangi nzuri, iliingia maji mbele yetu mchana kweupe. Mfereji wenyewe si bahari, mtu mrefu akisimama maji yanamfika kidevuni. Mtoto mmoja alikufa, na mimi ndiye niliyemtoa. Alikuwa wa umri wa Khamis. Tangu siku ile kuna usiku nasikia uzito wake mikononi, na wifi yako hunishika tu bila kuniuliza.

Khamis amenishika: baba, mji wenu una mifereji? Nikamwambia hatuna mifereji, tuna hori, mkono wa bahari unaoingia ndani ya nchi, una mikoko na kaa, na nitakutembeza. Nimeahidi. Kwa hivyo, dada, nitafutie mashua. Nasikia siku hizi huko kuna watu wanaotembeza wageni. Uliza yapakia watu wangapi, uliza kama kila mtu ana jaketi la boya, na watoto wana yao. Kisha inama utazame chini. Nakupa wewe kazi hii kwa sababu macho yako nayaamini kuliko yangu.

Wasalaam,
ndugu yako,
Ghalib

*

Mtongwe, Likoni,
3 Septemba 1988

Kwa ndugu yangu Ghalib,

Waalaykum salaam warahmatullah. Barua yako ya tarehe 12 Agosti imefika, nimeisoma mara nne. Sisi wazima, Alhamdulillah. Mvua imetunyima, muhogo ni wa kubahatisha, lakini afya ipo. Mavyaa amecheka mpaka kikohozi kikampata, anasema makoroma yake hajasamehe, uje na viatu vya kukimbilia.

Kazi yako niliianza mara moja. Jumamosi nilivuka na feri, nikapitia Magongo kumchukua Dorcas, yule mwenzangu tunayefundisha naye chekechea, tukaenda mpaka Mikindani. Kuna mtu wa bara aitwaye Mwangi, ana mashua ya mashine anayowatembeza watu nayo. Mashua ni pana, haina urembo, imepakwa kijivu. Jaketi ishirini zimetundikwa, nilizihesabu, na za watoto tano. Akaniambia hapakii zaidi ya kumi na sita hata aje mkubwa gani. Nikainama kama ulivyosema. Alinicheka, akasema mama, wewe ni mteja wa kwanza kuangalia huko. Chini palikuwa pakavu, hata vumbi lilikuwepo.

Nilirudi nimefurahi. Lakini unajua nyumba yetu, Ghalib, ufunguo wa sanduku la posta anao Bakari, na barua ikifika yeye ndiye hutusomea sote tukishakula. Siku alipotusomea hii yako, alipofika pale pa mashua aliishusha kwanza magotini. Niliporudi nikamtajia Mwangi alicheka, akasema, "Mtu wa bara ajue nini juu ya maji? Kwao hata mto wauvuka kwa daraja."

Ndipo akanipa habari ambayo alikuwa ananificha mpaka ikamilike. Tangu walipompunguza bandarini alikuwa na shughuli zake ufuoni, mimi nikidhani ni samaki. Kumbe amenunua mashua. Anataka kuwatembeza wageni horini, na chini ameitia kioo, ili mtu akae ndani akitazama samaki na matumbawe bila kulowa. Ameipaka buluu na nyeupe, na jina la Nana ubavuni. Ni nzuri, wallahi, sijawahi kuona mashua nzuri kama hiyo Mtongwe nzima.

Anasema shemeji yake atoke Ulaya, akifika kwao apande ya Mwangi, yeye atauficha wapi uso? Nami naona ana haki. Mchagua nazi hupata koroma. Basi hesabu kwamba mashua imepatikana, na ni ya nyumbani.

Wasalaam,
dada yako,
Mwanasiti

*

Amsterdam,
22 Septemba 1988

Kwa dada yangu,

Assalaam alaykum. Barua yako ya tarehe 3 Septemba nimeipokea kwa mikono miwili. Sisi hatujambo, ila Dhahabu ametokwa na jino, ameliweka kwenye kopo anataka kumletea Nana.

Mpe Bakari hongera zangu. Mtu aliyefutwa kazi akasimama tena si mtu wa kubezwa. Na jina la Nana ubavuni limenigusa.

Swali moja tu, wala lisimuudhi. Kioo hicho amekitia nani? Mashua za kioo nazijua. Ukitaka kioo lazima uikate mashua chini, na ukiikata vibaya umekata mbavu zake. Kama ni Mzee Mwidani aliyeifanya, mimi sina neno. Mzee huyo amepiga kalafati na kuziba nyufa za kila chombo cha Mtongwe tangu babu yetu yu hai. Niambie ni yeye nilale.

Na hukuniambia kama uliinama.

Wasalaam,
ndugu yako,
Ghalib

*

Magongo, Changamwe,
30 Oktoba 1988

Ghalib ndugu yangu,

Salamu zako. Sisi wazima wa miili. Barua yako ya tarehe 22 Septemba ilisomwa nyumbani, na ndiyo maana hukupata jibu.

Hii naiandika nyumbani kwa Dorcas, na ni yeye atakayeitia posta. Ile ya kwanza niliiandika Bakari amekaa ubavuni mwangu anakunywa kahawa. Hakunilazimisha neno hata moja, usimdhanie hivyo. Lakini mtu akiwa anakutazama na furaha ile usoni, utaandikaje kingine?

Si Mzee Mwidani. Bakari alimwendea, na mzee akakataa. Alimwambia, "Bakari mwanangu, mashua nikiipiga kalafati nalala. Nikiitoboa silali." Bakari akaja akaikata mwenyewe, nyuma ya nyumba ya mamake, kwa msumeno wa kuazima. Kioo alikitoa kwenye dirisha la duka lililovunjwa. Amekishika kwa mbao na lami.

Niliinama, Ghalib. Niliinama siku ile ile ya kwanza. Kando ya kioo mlikuwa na maji, si mengi, ya kulowesha vidole. Nilipomwonyesha alisema mbao bado haijanywa, ikinywa itafura na kuziba. Nikakubali, kwa kuwa nilitaka iwe kweli. Sasa yapata miezi miwili na haijanywa mpaka leo. Kila alfajiri huenda kuyateka kwa kopo la rangi kabla watu hawajaamka, kisha hutandika mkeka, ukiingia waona mkeka mkavu na kioo kinang'aa. Nyumba njema si mlango.

Wiki iliyopita, siku ya Maulidi, aliwapakia jamaa kumi wa Mtongwe awatembeze kidogo. Mimi nilikuwemo. Tulipofika katikati ya hori nikahisi mkeka unainuka chini ya miguu yangu, taratibu, kama kitu kinachopumua. Watu walikuwa wakiimba kaswida. Nikamtazama Bakari, naye akanitazama, akageuza mashua akawaambia upepo umebadilika. Waliposhuka walimpa mkono wakamshukuru. Mimi nilikwenda nyumbani bila kumngoja.

Nilimwomba aiache. Mavyaa akanisikia, akaniita uani. "Mke ni vazi la mumewe, mwanangu," akaniambia. "Vazi lafunika kovu, haliiti watu waje waone." Nimekaa na neno hilo. Ni neno la kweli, na mimi nimelishika miaka kumi na miwili. Bakari si mbaya. Unamjua. Ni mtu aliyekaa mwaka mzima kibarazani bila kazi, watu wakimpita wakimsalimia kwa huruma, na hii mashua ndiyo imemfanya atembee tena kifua mbele. Kumwambia haifai ni kumrudisha kibarazani.

Lakini watoto wako ni watoto wako. Usiwapandishe. Fanya hivi: kwenye sanduku letu andika barua ya kawaida, ya kusomwa mbele ya wote, useme wifi anaogopa bahari na daktari amemkataza. Basi. Hakuna aliyeaibika, na Khamis utampeleka kwa Mwangi kimya kimya. La siri niandikie kwa Dorcas, anwani ya shule iko nyuma ya bahasha.

Mungu anisamehe kwa kumfunua mume wangu. Naogopa, Ghalib. Kila akiondoka na ile mashua naogopa mpaka arudi.

Dada yako,
Mwanasiti

*

Amsterdam,
9 Novemba 1988

Kwa dada yangu Mwanasiti, shemeji yangu Bakari, na wote nyumbani,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ama baada ya salamu nyingi kama mchanga wa ufuo, sisi huku hatujambo, hofu ni juu yenu. Barua zako zote mbili nimezipata, ile ya tarehe 3 Septemba na hii ya tarehe 30 Oktoba, nazo nimezielewa vizuri, nakushukuru.

Tiketi tumeshakata. Lakini kuna jambo dogo la kusikitisha. Wifi yenu alikwenda kwa daktari kwa maradhi yake ya kizunguzungu, akakatazwa kabisa kupanda chombo chochote cha majini. Hata feri tutaipanda kwa kuomba dua. Kwa hivyo matembezi ya hori tutayaacha safari hii. Shemeji, naomba radhi sana. Nilikuwa nimejitayarisha kukaa omo, mbele kabisa, kama bwana harusi. Siku nyingine, inshallah, maji hayakimbii.

Watoto wanawasalimu. Khamis ameudhika na daktari.

Wasalaam,
ndugu yenu,
Ghalib

*

Mtongwe, Likoni,
Alhamisi, 24 Novemba 1988

Ghalib,

Salamu. Sitauliza habari, leo nitasema tu zangu. Barua yako ya tarehe 9 imefika Jumapili.

Bakari alitusomea baada ya chakula, kama kawaida yake. Anasoma vizuri, kwa madaha, kila jina alipa haki yake. Akasoma salamu, mavyaa akaitikia. Akasoma kwamba umepata barua zangu zote mbili, ya Septemba na ya Oktoba. Akasimama hapo. Akarudia tarehe. Kisha akaniuliza, na sauti yake ilikuwa ya chini tu, "Ya Septemba naikumbuka, niliipeleka posta mimi. Hii ya Oktoba ni ipi, Mwanasiti?"

Sikulaumu. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na mama, mimi na wewe, kwenye meza moja: barua haianzi mpaka umtajie mwenzako kwamba zake zimefika, na za tarehe gani, ili kama moja imepotea ijulikane. Mkono wako umeandika peke yake. Nami laiti ningekuonya, lakini halikunijia akilini hata mimi.

Sikuweza kumdanganya. Nilimwambia yote, mbele ya mamake, Nana akiwa amelala. Nilitaraji anipigie kelele. Hakunipigia kelele, wala hakunyanyua mkono. Aliikunja barua yako mara nne akaitia mfukoni, akasema, "Kwa hivyo huko Ulaya najulikana kuwa muuaji wa watoto." Akatoka.

Siku tatu hakuzungumza nami. Alikula nje. Mashua hakuigusa, nami moyoni nikafurahi, nikasema labda imekwisha. Jana alikuja na rangi mpya na lami mpya. Ameshinda huko kutwa, jana na leo. Jioni hii amerudi mchangamfu, mchangamfu wa kunitisha, akaninunulia hata viazi vya karai. Akasema kesho, baada ya sala ya Ijumaa, tutapanda sote. Mimi, yeye, mamake, na Nana. Tutakwenda mpaka mwisho wa hori na kurudi, mchana, Mtongwe nzima ikitazama. "Kisha utaandika barua ya tatu," akaniambia, "nami nitaipeleka posta mwenyewe."

Nimemwambia Nana ana mafua. Akasema bahari ndiyo dawa ya mafua. Nimemwendea Mzee Mwidani, akanisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, "Mimi nilishasema langu, mwanangu. Mume ni wako."

Mavyaa yuko tayari na buibui lake jipya. Amesema yeye atakaa pale pale juu ya kioo, ili watu waone anavyomwamini mwanawe.

Usiku huu nimemwogesha Nana mara mbili bila sababu. Sijui nitafanya nini kesho. Dorcas alikuja kunitazama, anasubiri hapa nimalize ndipo aondoke na barua hii. Niombee.

Dada yako,
Mwanasiti

*

Amsterdam,
28 Novemba 1988

Kwa dada yangu, kwa mkono wa Mwalimu Dorcas,

Assalaam alaykum. Natumai u mzima, nasema kwa kweli, natumai.

Leo nilikuwa nafunga mashua gatini, kamba mkononi, na ghafla nikaiona ile barua yangu mbele ya macho, mstari kwa mstari. Nilikutajia barua mbili. Dada, nilizitaja! Niliketi pale pale juu ya mawe, bwana mmoja akaniuliza kama naumwa.

Niambie haikufika. Niambie posta ya Likoni imeipoteza, kwa mara ya kwanza nitaishukuru. Na kama imefika, mwambie Bakari nimekosea mwezi, mwambie mimi ni mjinga tangu utotoni, ni kweli na anajua. Tukifika nitapanda mashua yake peke yangu mbele ya watu, nikae humo kutwa. Ila mwambie asifanye neno mpaka nije.

Nijibu upesi.

Ndugu yako,
Ghalib

*

Amsterdam,
6 Desemba 1988

Mwanasiti,

Yako ya tarehe 24 ilinifikia Ijumaa. Niliisoma nimesimama mlangoni na koti sijavua.

Siku ile ile nilipeleka telegramu kwa jina lako na nyingine kwa Dorcas. Hakuna jibu. Nimepiga simu pale dukani Likoni, mara inalia bila kupokewa, mara sauti ya mtu asiyenijua anasema hao watu wa mashua wote wako kwenye matanga. Matanga ya nani? Akakata.

Matanga ya nani, dada? Leo ni Jumanne. Ijumaa yenu imeshapita siku kumi na moja. Nakula sioni ladha, Khamis ananiuliza kwa nini nakunja uso. Nimefuatilia tiketi ya mapema, hakuna nafasi kabla ya tarehe 17.

Andika neno moja tu. Andika Nana.

Ghalib

*

Magongo, Changamwe,
8 Desemba 1988

Kwa ndugu yangu Ghalib,

Assalaam alaykum. Telegramu yako nimeipata, na barua yako ya tarehe 28 pia. Nisamehe kwa kukuweka. Nilikuwa sina mkono wa kuandika.

Nana mzima. Nalitanguliza hilo upumue. Amekaa hapa karibu yangu anachora nyumba.

Ijumaa ile tulitoka mimi na yeye tukashuka ufuoni. Watu walikuwa wengi, wametoka msikitini, wengine wamekuja kwa kuwa Bakari aliwaita. Mashua ilikuwa imeng'aa. Mavyaa ameshapanda, amekaa juu ya mkeka wake katikati na tasbihi mkononi. Bakari alikuwa amevaa kanzu ameikunja mpaka magotini, akaninyooshea mkono. Maji yalinifika kwenye vifundo vya miguu. Nana nilikuwa nimemshika. Nikasikia sauti yangu mwenyewe inasema, "Sipandi. Na Nana hapandi."

Ufuo mzima uligeuka kunitazama. Bakari akaniambia panda, mke wangu, kwa upole. Mavyaa akasema, "Mwanasiti, usituvue nguo mbele za watu." Nikasema tena sipandi. Unajua mimi si mtu wa hivyo. Miaka kumi na miwili sijamjibu hata chumbani. Uso wake ulikufa pale pale, Ghalib, nilikuwa nimemrudisha kibarazani mbele ya Mtongwe nzima.

Kisha akageuka. Pembeni kulikuwa na walimu kutoka Kaloleni, wanane, wamekuja matembezi ya likizo. Walikuwa wameshuka kwenye feri wakitafuta mashua ya kuwatembeza horini, na walikuwa wakizungumza kama warudi Mikindani kwa yule Mwangi au wachukue hii. Bakari akawaambia, "Karibuni, leo ni bure, mashua yatoka ugani leo kama bibi harusi." Wakafurahi. Wakaanza kuvua viatu.

Mmoja alibaki nyuma. Mwanamke wa umri wangu, jina lake nimelijua baadaye, Kadzo. Aliniona nimesimama na mtoto majini. Akanijia karibu akaniuliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei sokoni, "Samahani dada, wewe ni wa hapa. Hii mashua ni nzuri?"

Bakari alikuwa ananitazama. Mavyaa alikuwa ananitazama. Nilikuwa nimeshamvua mume wangu nguo mara moja mchana ule, nikaona mara ya pili sitaiweza. Nikanyamaza. Nilimtazama Nana kichwani nikapangua nywele zake. Kadzo alingoja kidogo, akatabasamu, akadhani labda sikusikia au nina majonzi yangu. Akaingia.

Ilitoka vizuri. Walikuwa wakitupungia mikono. Ilipofika pale mkondo wa hori unapokuwa na nguvu nikaona watu wanasimama mmoja mmoja, wa katikati kwanza. Halafu hakuna aliyesimama. Haikuchukua muda hata wa kumaliza Fatiha. Askari wa majini walikuja mbio na mashua yao, na wavuvi, na waliwatoa watano wazima, na Bakari wa sita. Mavyaa tulimpata jioni, tasbihi bado iko mkononi. Walimu wawili walipatikana Jumamosi. Kadzo hatukumpata mpaka Jumatatu, kule kwenye mikoko. Hakuna aliyekuwa na jaketi. Jaketi zilikuwa nne tu, nazo zilikuwa nyumbani, chini ya kitanda, zisichafuke.

 Baada ya hitima ya mamake Bakari alinijia. Alikaa chini mbele yangu kama mtoto, akasema ni gogo. Gogo kubwa lilitoka kwenye mikoko likaipiga mashua chini. Walionusurika walikuwa wanatazama samaki, hawawezi kukataa. Akasema, "Aliyeyaona maji kwa macho hapa ni mimi na wewe. Mama ameshakwenda. Nisitiri, Mwanasiti. Mara hii tu, nisitiri." Alilia, nami nikalia pamoja naye, kwa sababu nampenda. Sijaacha. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote, ningekuwa nimeshamchukia ingekuwa kazi rahisi.

Usiku ule nilikuwa nimeshakubali. Nilikuwa hata nimejifunza namna ya kulitamka, gogo, gogo. Asubuhi alikuja mume wa Kadzo kutoka Kaloleni kutushukuru. Kutushukuru, Ghalib! Kwa kuwa watu wa Mtongwe walimtafuta mkewe siku tatu. Alinipa mkono, akaniuliza kama nilimwona siku ile, na kama alisema neno lolote. Ndipo nikamchukua Nana tukapanda feri tukaja kwa Dorcas, na sikuaga.

Kesho saa tatu naitwa kwenye uchunguzi, mbele ya maofisa. Bakari atakuwepo. Nitasema hakukuwa na gogo. Nitasema niliinama nikaona, tangu siku ya kwanza. Watu wa kwetu hawatanisamehe, na yeye watamfunga, na Nana atakua akijua ni mamake aliyemfunga baba yake. Yote nimeyapima. Uzani haubadiliki.

Mumewe Kadzo sikumjibu ukweli. Nilimwambia sikumbuki. Kesho atakuwa amekaa mstari wa mbele, na atasikia kwamba mkewe alisema, na kwamba aliniuliza mimi.

Ukija, usinitafute Mtongwe.

Dada yako,
Mwanasiti